Meli za Msafara, Barafu na Wanyama: Ncha za Dunia na Ziwa Victoria

Utalii wa kwenda kwa meli kutazama barafu na wanyama wa ncha za dunia ni biashara changa kuliko inavyodhaniwa. Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia, lilipokea watalii wachache mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa meli za Argentina na Chile, lakini sura ya sasa ya biashara hii huhesabiwa tangu mwaka 1966, pale Lars-Eric Lindblad, Mswidi aliyehamia Marekani, alipoanza kuwapeleka huko raia wa kawaida waliolipa nauli, na mwaka 1969 akapata meli iliyoundwa mahususi kwa kazi hiyo, Lindblad Explorer. Meli za aina hiyo, ambazo katika uchambuzi huu zitaitwa meli za msafara, hazifanani na majumba yaeleayo yanayotia nanga Zanzibar na Mombasa yakiwa na maelfu ya abiria, mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki. Meli ya msafara ni ndogo, hubeba mamia machache ya watu au pungufu ya hapo, haihitaji gati kwa kuwa hushusha boti za mpira zenye injini zinazoweza kusogea hadi kwenye ufuko wa mawe, na waongozaji wake kwa kawaida ni watu waliosomea ndege, nyangumi, miamba au historia ya mahali penyewe. Abiria wake hanunui kitanda na chakula tu, bali ananunua ruhusa ya kushuka, kwa saa chache na chini ya uangalizi, mahali ambapo binadamu hana makazi ya kudumu.

Kwa mkazi wa Mabatini, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza ambako nyumba zimejibana katikati ya miamba na kupanda nayo hadi juu ya vilima, jambo hili linaweza kuonekana kuwa la watu wengine kabisa. Barafu anayokutana nayo kila siku ni ya kiwandani, ambayo hupondwa, hupakiwa katika boti zinazokwenda visiwani kununua sangara, na hurudi nusu yake ikiwa maji yenye damu chini ya samaki ambao baada ya siku chache watakuwa minofu katika maduka ya Ulaya. Hata hivyo utalii wa ncha za dunia unamhusu, na unamhusu zaidi kwa taratibu zake kuliko kwa barafu yake, kwa sababu jiji lake limekaa kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, lenye hifadhi mbili za taifa ambazo zimo visiwani na ambazo njia yake ya asili ni majini.

Uwezekano wa yeye mwenyewe kwenda huko hauhitaji maelezo marefu. Safari nyingi za kusini huanzia Ushuaia, mji wa kusini kabisa wa Argentina, kati ya Novemba na Machi ambapo huko ni majira ya joto, na meli hutumia takriban siku mbili kuvuka Mlango wa Drake, bahari yenye upana wa kilomita 800 hivi inayojulikana kwa mawimbi yake, kabla ya kuiona Rasi ya Antaktika. Safari ya siku 10 hivi huanzia maelfu kadhaa ya dola za Marekani kwa mtu mmoja, nauli ya ndege ikiwa mbali. Upande wa kaskazini, visiwa vya Svalbard vilivyo chini ya Norwe havidai viza kwa mtu yeyote, lakini anayepitia Norwe bara, na karibu kila mgeni hupitia huko, hudaiwa viza ya Ulaya ya kumwingiza mara mbili, kwa kuwa akienda Svalbard huhesabiwa kuwa ametoka. Mwenye pasipoti ya Tanzania na kipato cha kawaida anaweza kuliweka suala hilo pembeni bila kupoteza sana, kwani cha maana kwake kiko kwingine.

Kinachowavuta watu huko ni wingi wa wanyama mahali panapodhaniwa kuwa pakame. Maji ya baridi ya kusini yana virutubisho vingi vinavyolisha mimea midogo sana ya baharini, mimea hiyo huliwa na krili, yaani viumbe wadogo wa jamii ya kamba wanaoogelea kwa makundi makubwa mno, na krili ndio chakula cha pengwini, sili na nyangumi. Kwa hiyo mtalii anayeshuka ufukoni Desemba hukuta maelfu ya pengwini wakiatamia katika viota vya changarawe, wasiomwogopa kwa kuwa hakuna mnyama wa nchi kavu anayewawinda huko. Kaskazini hali ni kinyume, maana mtawala wa huko ni dubu mweupe anayewinda sili juu ya barafu inayoelea, na kundi la watalii linaloshuka Svalbard nje ya makazi kwa kawaida huwa na mlinzi mwenye bunduki. Mwaka 2018 dubu mmoja alipigwa risasi na kufa huko baada ya kumshambulia mlinzi wa kundi lililoteremka kutoka meli ya kitalii, na lawama zilizofuata zilikuwa za haki kwa sehemu: mnyama aliyekuwa kwao aliuawa ili wageni wapate kutazama mahali anapoishi.

Mvuto wa pili, ambao wafanyabiashara hawapendi kuutaja kwa jina lake, ni hofu ya kuchelewa. Watu huenda kwa sababu wamesikia kwamba vitu hivyo vinatoweka, na kwenda kwao kunaongeza kasi ya kutoweka. Msimu wa 2023 hadi 2024 ulipeleka Antaktika wageni zaidi ya 120,000, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba masizi ya meli na mitambo, yanapotua juu ya theluji na kuifanya inywe joto la jua badala ya kulirudisha, huharakisha kuyeyuka kwa makumi ya tani za theluji kwa kila mgeni mmoja. Hapo ndipo utalii huu unapojipinga wenyewe, na hakuna kampuni iliyopata jibu la kuridhisha.

Hofu hiyohiyo inafanya kazi Tanzania. Kilimanjaro, pamoja na Mlima Kenya na Milima ya Rwenzori iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, ndizo sehemu za Afrika zilizobaki na barafuto, yaani barafu ya kudumu iliyoshikamana na ardhi na yenye kusogea polepole kwa uzito wake. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilipopimwa kutokana na ramani ya mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi, na kufikia mwaka 2007 zaidi ya asilimia 80 yake ilikuwa imekwisha. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilitabiri kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imetoweka ifikapo mwaka 2050. Sababu yake inastahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa kuwa mara nyingi husimuliwa nusu. Juu kabisa ya Kibo, kwenye mita 5,895, hewa kwa muda mwingi iko chini ya nyuzi sifuri, na sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki kama inavyoyeyuka sokoni, bali hugeuka mvuke moja kwa moja kwa ukali wa jua na ukavu wa hewa, huku theluji mpya ya kuifunika na kuikinga ikipungua kwa sababu mawingu na mvua za huko juu zilipungua tangu mwishoni mwa karne ya 19. Matokeo yake ni kuta za barafu zilizosimama wima kama zilizokatwa kwa msumeno, ambazo hurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Mtu wa Mwanza anayetaka kuona barafu ya kale kwa macho yake anapaswa kupanda basi la kwenda Moshi mapema, na ada ya hifadhi atakayolipa kama raia ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni.

Historia imeziunganisha ncha za dunia na milima hii kwa namna ambayo wasomaji wengi hawaifahamu. Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyejulikana kama Duke wa Abruzzi, aliongoza kati ya mwaka 1899 na 1900 msafara wa meli ya Stella Polare katika Bahari ya Aktiki, ambao watu wake walifika nyuzi 86 na dakika 34 kaskazini, rekodi ya wakati huo, na mwaka 1906 huyohuyo akaja kupanda na kuchora ramani ya vilele vya barafu vya Rwenzori. Barafu aliyoikuta huko leo imebaki mabaki.

Ziwa Victoria lenyewe ni mtoto wa enzi ya barafu kwa njia ya kinyume. Wakati barafu ilipofunika sehemu kubwa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa huko, mvua za Afrika ya Mashariki zikapungua, na ziwa hili lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kina chake, ambacho hakizidi sana mita 80, kinaeleza kwa nini liliweza kukauka, na umri wake mfupi ndio unaowashangaza wanabiolojia, kwa kuwa mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao wavuvi wa Ghuba ya Mwanza wamewala kwa vizazi, yanaonekana kuchipuka ndani ya muda huo. Sehemu kubwa ya aina hizo ilitoweka baada ya sangara kuletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Na kila mwaka ziwa hupokea wageni wa kweli kutoka ncha ya kaskazini: ndege wadogo wa jamii ya vitwitwi, ambao baadhi yao hawafikishi gramu 40, huzaliana katika tambarare za baridi za Siberia na kaskazini ya Norwe wakati wa Juni na Julai, kisha huruka hadi Afrika na kuonekana wakidonoa matope ya ufuko wa ziwa miezi ya Oktoba hadi Aprili. Anayewatazama ndege hao kwenye ufuko wa Mwanza anawatazama wanyama walewale ambao watalii wa Aktiki huwalipia.

Hifadhi mbili za visiwani ndizo zinazoleta wazo la meli ya msafara karibu. Saanane, kilicho ndani ya Ghuba ya Mwanza umbali wa dakika chache kwa boti kutoka mjini, kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kikapewa jina la mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi hapo, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, yenye kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yanayokizunguka. Mgeni hukuta humo swala pala, pimbi waliojianika juu ya mawe, tumbili, kenge na mamba, na akigeuka huona jiji zima na vilima vyake vya nyumba na miamba. Ni hifadhi ya nusu siku, inayowafaa wanafunzi na familia, na haidai kuwa zaidi ya hapo.

Rubondo ni jambo jingine. Kisiwa hicho, kilicho kusini-magharibi mwa ziwa katika Mkoa wa Geita, kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na pamoja na visiwa vidogo na maji yanayohesabiwa ndani yake kina zaidi ya kilomita za mraba 450, sehemu kubwa ya nchi yake ikiwa msitu mnene. Nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomsaidia kutembea juu ya mafunjo bila kuzama, ni mwenyeji wa asili, na pamoja naye kuna viboko, fisi maji na furukombe ambao sauti yao husikika pwani nzima. Wengine waliletwa kwa meli. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek wa Shirika la Wanyama la Frankfurt aliwasafirisha sokwe 17, waliokamatwa Afrika ya Magharibi wakiwa wadogo na kukulia katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, akawaachia kisiwani bila mafunzo yoyote ya kuishi porini. Walijifunza wenyewe kujenga viota na kutafuta chakula, wakazaana, na vizazi vyao leo vinaishi kama sokwe wa mwituni. Tembo na twiga waliletwa pia na bado wapo, ilhali vifaru walioletwa waliuawa na majangili. Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo, na pengine ni bahati ya sokwe hao kwamba liliruhusiwa wakati ule.

Kwa hiyo wanyama wapo, mandhari yapo, na usiku mbalamwezi inapozama taa za wavuvi wa dagaa hutandaza ziwani mji mwingine ambao mtalii yeyote angelipa kuuona. Ila wageni wengi huifikia Rubondo kwa ndege ndogo, au kwa barabara hadi Nkome au Kasenda kisha boti ya hifadhi, na wachache mno hufika kwa kusafiri majini kutoka Mwanza kupitia visiwa vilivyo njiani. Maelezo ya kawaida ni kwamba meli hazipo na mtaji haupo. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa meli kubwa kuliko zote ziwani, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa abiria 1,200, imejengwa Mwanza penyewe na kushushwa majini Februari 2023 ikiitwa MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Kinachokosekana ni imani ya abiria katika maji, na imani hiyo ina sababu ya kukosekana.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na zaidi ya watu 800 walikufa, baadhi yao wakazikwa Igoma, Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati ya Kisiwa cha Ukara na watu 228 wakapoteza maisha mbele ya macho ya waliokuwa nchi kavu. Kati ya ajali hizo mbili kuna ajali ya tatu inayofaa kuwekwa kando yake. Tarehe 23 Novemba 2007 meli ileile ya Lindblad, wakati huo ikiitwa Explorer na ikiwa mali ya kampuni nyingine, iligonga barafu karibu na Visiwa vya Shetland Kusini, ikaingia maji na kuzama. Watu wote 154 waliokuwamo waliingia katika mashua za kuokolea na boti za mpira, wakakaa kwa saa kadhaa katika baridi ambayo ingemuua aliyeanguka majini kwa dakika chache, kisha wakachukuliwa na meli ya Norwe iitwayo Nordnorge. Hakuna aliyekufa. Bahari ile ni katili kuliko ziwa kwa kila kipimo, iko mbali na hospitali yoyote, na meli yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 38. Tofauti ililetwa na mambo yasiyo na fahari yoyote: idadi ya watu ilijulikana, kila mmoja alikuwa na nafasi yake katika mashua, abiria walikuwa wamefanyishwa zoezi la dharura, na meli za eneo lile zina desturi ya kufahamishana zilipo.

Ziwa nalo lina hatari yake ambayo haifanani na ya baharini. Mchana nchi kavu hupata joto haraka na mawingu ya mvua hujengeka juu ya vilima, lakini usiku upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kutoka pande zote na kukutana katikati juu ya maji ambayo bado yana joto, hewa ikapanda kwa nguvu na kuzaa dhoruba za radi kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa ambazo wavuvi wengi wako kazini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba maelfu ya watu hufa ziwani kila mwaka, wengi wao wavuvi wa mitumbwi ambao majina yao hayafiki gazetini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lina kazi ya kukagua vyombo. Hivyo sheria na ofisi zipo. Swali ni kama nahodha anayeambiwa usiku kuna dhoruba atabaki gatini huku watalii 40 waliolipia ratiba ya siku tatu wakilalamika.

Antaktika inatoa jibu linalofaa kuchunguzwa, kwa kuwa huko hakuna serikali wala polisi. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini na nchi 12 mwaka 1959, Afrika Kusini ikiwa peke yake kutoka bara hili, na Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 ikalitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya amani na sayansi. Mwaka huohuo wa 1991 kampuni 7 za utalii ziliunda chama chao, IAATO, zikajifunga kwa masharti ambayo baadaye nchi za mkataba ziliyathibitisha: meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, watu walio ufukoni kwa wakati mmoja hawazidi 100, kila watu 20 wana mwongozaji wao, hakuna anayemsogelea pengwini kwa chini ya mita 5, na viatu huoshwa kwa dawa kabla na baada ya kushuka ili mbegu na vijidudu visihamishwe. Sharti hilo la viatu lilionekana la kupita kiasi hadi homa ya mafua ya ndege ilipofika maeneo hayo mwaka 2023 na kuthibitishwa Antaktika bara mwaka 2024. Tangu Agosti 2011 mafuta mazito ya meli yamepigwa marufuku huko, na tangu Januari 2025 Norwe imeweka Svalbard kikomo cha abiria 200 kwa meli zinazoingia maeneo yaliyohifadhiwa na umbali wa angalau mita 300 kutoka kwa dubu. Kampuni hazikujifunga kwa wema tu. Zilitambua kwamba ajali moja au ufuko mmoja uliochafuliwa ungeifunga biashara ya wote, na hesabu hiyo inaeleweka Mwanza vizuri kabisa.

Masharti hayo yanahamishika kwa urahisi wa kushangaza. Sokwe wa Rubondo huambukizwa mafua na magonjwa ya kifua ya binadamu, kwa hiyo kikomo cha idadi na umbali kina maana huko kuliko hata kwa pengwini. Magugu maji, yaliyoanza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, husafiri kwa kunasa kwenye vyombo, na boti inayotoka ghuba moja kwenda nyingine bila kukaguliwa hufanya kazi ileile inayofanywa na kiatu kichafu. Na kwa kuwa ziwa ni la nchi tatu, zinazokutana katika Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, mahali pa kuandika kanuni za pamoja pamekwisha kuwapo. Lisilohamishika ni upweke wa Antaktika. Visiwa vya Ziwa Victoria vina watu, na Ukerewe na Ukara vina wakulima na wavuvi kwa maelfu, watu ambao meli ya watalii itakuwa ikipita mbele ya nyavu zao. Mpango wowote unaowatazama kama mandhari utashindwa, na utastahili kushindwa. Wao ndio wanaoyajua maji hayo usiku, na waongozaji wa boti wanapaswa kutoka kwao kwanza.

Inafuata kwamba mpangilio unaozoeleka wa kuleta meli, kuizindua kwa ngoma, kisha kutafuta kanuni baada ya ajali, unapaswa kugeuzwa. Antaktika ilikuwa na mkataba miaka 7 kabla ya kundi la kwanza la Lindblad, na hata hivyo ilihitaji miongo mitatu kuukamilisha. Ziwa Victoria halina haja ya kusubiri kiasi hicho, kwa kuwa kanuni zimekwisha kuandikwa na wengine na zinaweza kusomwa na yeyote. Idadi ya abiria ilingane na idadi ya majaketi okozi na nafasi za mashua, kikomo cha wanaoshuka Rubondo kwa mara moja kiandikwe katika leseni, na mkaguzi aliyesimama gatini awe na mamlaka ya kuizuia meli ya mtu yeyote isiondoke usiku wa dhoruba. Mwekezaji asiyeweza kufanya biashara kwa masharti hayo asipewe leseni.